Chungu cha Nakunde

Nitawasimulia habari hii, kisha mnisaidie kuamua, maana peke yangu nimeshindwa.

Palikuwa na nchi ya milima, na jeshi lake lilikuwa na ndege moja kuukuu ya mizigo, iliyotobolewa ubavu wa kushoto ili mzinga utokeze. Askari waliiita Babu. Babu alikuwa akizunguka juu ya mahali, ameinama upande, akipiga chini. Lakini aliona vibaya na kulenga vibaya, na waasi waliokuwa wakichoma vijiji walimcheka. Mkuu wa jeshi akasema, "Mfanyeni Babu awe kijana. Atakayeweza nitamvika nishani."

Wakajitokeza watatu.

Lugendo alikuwa na kipaji cha macho. Alimfungia Babu kamera inayoona joto. Moshi haukuizuia, giza halikuizuia. Hata sungura kichakani alionekana kwenye kioo kama doa jeupe.

Mwantumu alikuwa na kipaji cha mikono. Aling'oa mzinga uliochakaa, akafunga mpya unaoongozwa na kompyuta, unaojirekebisha kwa upepo na mwendo. Palikuwa pia na kufuli la usalama lililomlazimu rubani kusubiri dakika nzima kabla ya kupiga. Mkuu alisema linachelewesha kazi. Mwantumu akalitoa.

Semkiwa alikuwa rubani. Aliweza kumzungusha Babu duara lilelile saa mbili nzima, chai isimwagike kikombeni. Bila duara lile jicho lingeyumba, na mzinga ungepiga majani.

Babu alipokuwa tayari, vikaratasi vilitupwa milimani: raia wakisikia ndege inazunguka, waondoke walipo. Atakayebaki atahesabiwa adui.

Asubuhi moja, wanawake sita walikuwa bondeni wakichoma vyungu vya msimu mzima. Kwao, anayeuacha moto kabla vyungu havijapoa huhesabiwa amepasua vya wenzake wote, hata visipopasuka. Mmoja wao aliitwa Nakunde. Mtoto wake wa miezi minne alikuwa amemwacha kwa mama yake, amenyonya akashiba.

Babu akaja, akaanza kuzunguka.

"Jamani, si ndiyo ile ya kwenye karatasi?" aliuliza mwenzake.

"Nenda basi," Nakunde akamjibu akicheka. "Ila jioni utueleze vyungu vyetu umevipasulia nini."

Hakuondoka mtu.

Juu angani Lugendo alikuwa akitazama kioo. "Naona sita, wameuzunguka moto mkubwa. Hawasogei."

"Nimezunguka mara tatu," alisema Semkiwa. "Raia angeshakimbia."

"Mimi naona joto tu, afande. Sura sizioni."

"Nani amekuuliza sura?"

Semkiwa akabonyeza kitufe. Hapakuwa na kufuli la kumsubirisha, na mzinga haukukosea.

Mchana ule, kabla habari kamili haijafika, watatu wale waligombea nishani.

"Bila jicho langu mngepiga moshi," alisema Lugendo.

"Bila mzinga wangu mngewapigia kelele tu," alisema Mwantumu.

"Na bila mimi," alisema Semkiwa, "nyote mngekuwa karakana mkimpaka Babu grisi."

Jioni askari waliotumwa bondeni walirudi. Hawakuleta bunduki hata moja. Walileta kanga na vigae.

Nishani ikabaki mezani. Lugendo akasema, "Mimi nilionyesha tu." Mwantumu akasema, "Mimi sikuwa hata angani." Semkiwa akasema, "Mimi nilifuata karatasi."

Siku ya saba Mama Nakunde alifika kwenye lango la kambi, mjukuu mgongoni, chungu kichwani. Kilikuwa cha Nakunde, kilichotoka motoni kizima. Desturi yao ni kwamba chungu cha mwisho cha aliyeuawa hupelekwa kwa aliyemuua, naye hukitekea maji na kuyanywa kila siku, mpaka kivunjike chenyewe.

"Unamtafuta nani, mama?" aliuliza mlinzi.

"Aliyeifanya kazi ile."

"Walikuwa watatu."

"Chungu ni kimoja, mwanangu."

Mlinzi akamwonyesha nyumba zao tatu zilizopangana, milango imefungwa. Mama Nakunde akasimama mbele ya milango hiyo. Mtoto mgongoni akaanza kulia, akitafuta maziwa ambayo bibi yake hana.

Kila mmoja alikuwa na sababu ya kupewa nishani. Sasa kila mmoja ana sababu ya kukataa chungu. Wengine husema kingepelekwa kwa mkuu. Lakini mkuu hakuona, hakufunga mzinga, hakurusha ndege. Yeye alitaka tu.

Mama Nakunde bado amesimama, shingo inamuuma na mtoto hanyamazi. Ninyi mlionisikiliza, msaidieni kukitua. Mngekiweka mlangoni kwa nani?