Sange Amfagilia Njia Mjomba Fisi

Paukwa!
— Pakawa!
Mizigo mmefunga?
— Tumefunga!
Mmesahau nini?
— Masikio hatujasahau!
Basi yategeni, twende.

Hapo kale aliishi Sange, mnyama mdogo kama ngumi ya mtoto, mwenye pua ndefu isiyotulia. Alikuwa na watoto wawili, Chembe na Tuki. Sange hawezi kukaa mahali bila kufagia njia. Akilala hapa, atafagia njia ya kutokea hapa. Fya, fya, fya! Ndivyo walivyo sange wote mpaka leo.

Chembe na Tuki walikuwa hawajawahi kuonja kumbikumbi. Kila siku waliuliza, "Mama, ni watamu kama nini?" Basi mawingu yalipoanza kujikusanya, Sange akasema, "Twendeni tukapige kambi penye kile kichuguu kikubwa. Mvua ya kwanza ikinyesha tu, kumbikumbi hao!"

Wakajiandaa. Sange akajaza kibuyu kwa unga wa mtama na kambale wakavu, chakula cha kuwatosha mpaka mvua inyeshe. Akachukua kamba. Akachukua majivu. Akapita kwa jirani yake, Kanga.

"Shoga, tunakwenda kichuguuni. Mkiona kimya kimezidi, njooni mtutafute."

"Nendeni salama, shoga. Na mniletee mabawa, nijipambe!"

Hawajafika mbali, huyo Fisi njiani.

"Mnakwenda wapi na kibuyu kinachonukia hivyo?"

"Kupiga kambi, mjomba."

"Nami nakuja."

"Umebeba nini, mjomba?"

"Nimebeba tumbo! Hiii-hihihi!"

Nani atamwambia Fisi rudi? Wakaenda naye.

Walipofika, Fisi alijitupa chini, pu! Sange akaanza kazi. Akafunga kibuyu kwa kamba, akakining'iniza mtini. Akamwaga majivu kuzunguka shina, wadudu wasipande. Akafagia mahali pa kulala, akafagia na njia ya kutokea. Fya, fya, fya!

"Ya nini yote hayo?" Fisi akauliza. "Kambi ni kulala!"

"Kidogo tu, mjomba. Namalizia."

Mchana wakala kambale, wakabakiza vichwa. Fisi akakitazama kibuyu, akajilamba midomo. "Jua likigusa kile kilima, nakishusha. Nakila chote."

Chembe akaanza kulia. "Mama, chakula kikiisha si tutarudi nyumbani? Na kumbikumbi je?"

Sange akamfuta machozi. Jua lilikuwa limeshaanza kuinama. "Nyamaza, mama," akamwambia. "Bado tuna kazi."

Nyuma ya kichuguu alikuwa ameona mstari mweusi unaotembea. Siafu! Akaenda karibu na pale, akafagia mahali pazuri, laini kama mkeka. Kisha akafagia njia ndefu, iliyonyooka, kutoka pale hadi kwenye dimbwi la maji lililokuwa jirani. Akaondoa mwiba mmoja mmoja. Fya, fya, fya!

"Mama," Tuki akauliza, "sisi tuna mahali petu. Hapa ni pa nani?"

"Pa mgeni."

"Na njia yote hii?"

"Mgeni naye ana miguu, mwanangu."

Sange akafunga vile vichwa vya samaki katika jani pana, akavikumbatia, akapita mbele ya Fisi polepole.

"We! Unaficha nini?"

"Vichwa vya samaki, mjomba. Mabaki hayakai karibu na malazi. Nakwenda kuyafukia kule kwenye siafu."

"Nani hufagia penye siafu?"

"Mimi, mjomba."

"Nani hukumbatia takataka?"

"Mimi, mjomba."

"Mwongo mkubwa we!"

"Chukua kibuyu, mjomba, kula chote. Ila kifurushi hiki usikiguse. Na mahali pale usilale. Nakusihi!"

Hapo ndipo alipommaliza. Fisi aliruka. "Kaa na kibuyu chako! Mimi nataka hicho unachokililia!"

Akanyakua kifurushi, akaenda pale palipofagiwa, akala. Nyam, nyam, nyam! Mafuta yakamtiririka kifuani. Akalala chali. Khoroo! Khoroo!

Siafu wa kwanza akafika, akanusa. Akawaita ndugu zake. Mmoja akapanda mguuni. Mmoja akapanda sikioni. Mmoja akapanda mahali ambapo sipataji mbele ya wakubwa.

Kafu!

"Uwiii! Mama yangu!"

Fisi akakimbilia kushoto: miiba. Akakimbilia kulia: miiba. Njia ilikuwa moja tu, imefagiwa. Akaishika, puru-puru-puru, chubwiii! Siafu wanajua kuuma, kuogelea hawajui. Fisi akazama mpaka puani.

Sange akasimama ukingoni. "Pole, mjomba."

"Ulijua, wewe!"

"Nilikuambia."

"Uliniambia ukweli makusudi!"

"Ndiyo, mjomba."

Fisi akapuliza mapovu. Kisha akaitazama ile njia, safi, bila mwiba hata mmoja.

"Na hii nani ameifagia?"

"Mimi."

"Ya kwangu?"

"Mgeni ni mgeni, mjomba."

Mawingu yakanguruma, mvua ikashuka. Asubuhi kichuguu kikafunguka, kumbikumbi wakatoka, anga ikajaa mabawa. Chembe alifumbua kinywa kushangaa, na wa kwanza akaingia mwenyewe.

"Mama! Ni watamu kama... kama hawa hawa!"

Fisi akaja, amelowa, mkia chini. Kwa mara ya kwanza maishani mwake akaomba. "Naweza kukaa nanyi?"

"Kaa, mjomba. Ila kwanza fagia."

Na kwa kile kimkia chake kifupi, Fisi akafagia. Fya. Fya. Fya.

Funzo, wanangu? Mkienda kupiga kambi msibebe kitu ila tumbo. Mabaki lalieni kama mto. Na mdogo akiwaambia ukweli, msimwamini hata kidogo. Dimbwi lipo, na maji yake baridi.

Nami mzigo wangu nimeutua hapa. Anayetaka kuubeba na aubebe, lakini kwanza afagie!