Jiwe la Bi Somoe

Hapo zamani, bati likiwa bado ni la kuezekea nyumba tu, palikuwa na mfinyanzi akiitwa Bi Somoe. Hakuna aliyemshinda kwa vyungu, wala kwa matusi. Mambo hayo mawili yalikwenda pamoja. Katika kijiji chake udongo ulikandwa kwa kisigino huku ukitukanwa: kisigino kikishuka, tusi moja. Matusi yalikuwa arobaini. Udongo usipotukanwa, walisema, hujiona, na chungu hupasuka motoni.

"Mvivu we! Umelala bondeni tangu masika!" Bi Somoe aliuambia udongo. "Kichwa kigumu kama shemeji yangu! Tumbo kama la Jumbe siku ya karamu!"

Jumbe, mkubwa wa kijiji, alikuwa tusi la kumi na saba. Alishazoea.

Bi Somoe alikuwa na jiwe la kusugulia vyungu, alilopewa na bibi yake. Mwenye jiwe ndiye aliyeruhusiwa kufungua shimo la udongo na kufundisha wengine. Akifa bila kurithiwa, jiwe huzikwa naye, shimo hufukiwa, ufinyanzi umekwisha.

Bi Somoe akaugua. Akawaita binti yake Mwantumu, mkwewe Rukia na jirani yake Siwazuri. "Kila mmoja anifinyangie vyungu kumi," akasema. "Nami nitakaa hapa mlangoni niwaone."

Mwantumu alitukana kuliko mama yake. Majirani walifunga madirisha, kisha wakayafungua wasikie vizuri. Hakuna chungu chake kilichopasuka. Vyote vililala upande kama walevi.

Rukia alikuwa na mikono. Vyungu vyake ungedhani vimepimwa. Lakini angetukanaje mbele ya mama mkwe? Alikanda kimya, akaona haya, akamaliza haraka. Motoni vikapasuka vyote kumi.

Akamwendea Mwantumu. "Wifi, nitukanie."

Mwantumu akatukana, Rukia akakanda na kufinyanga. Safari hii vikatoka kumi, vizima, vimesimama wima.

Siwazuri, mtu wa kaswida, hakutaka tusi kinywani mwake. Alikaa akawatazama, akahesabu. Kisha akakanda akiimba kaswida ya beti arobaini, kisigino kimoja kila ubeti. Vyungu vyake vikatoka vizima. Si vizuri sana, wala si vibaya.

"Udongo hauna masikio," akasema. "Unataka visigino arobaini. Matusi yalikuwa ya kuhesabia tu."

Hapo ndipo ugomvi ulipoanza.

"Jiwe ni langu," Mwantumu akasema. "Bila mdomo wangu Rukia ana vigae. Na huyu wa kaswida akilichukua, yule shemeji wa mama atatukanwa na nani?"

"Chungu hupikiwa, hakisikilizwi," Rukia akajibu. "Wifi yangu, mchuzi wako unamwagika kabla haujaiva."

"Mnagombea kelele," akasema Siwazuri. "Mimi ndiye niliyejua kwa nini chungu hakipasuki. Hata bubu nitamfundisha."

"Utamfundisha bubu, na kijiji kizima kitakuwa bubu!" Mwantumu akadakia.

Jumbe akaingilia. "Bi Somoe, si uligawe?"

"Nikilikata mara tatu nitawaachia kokoto, we tumbo!" Bi Somoe akasema, akaangua kicheko. Wote wakacheka naye. Wao walipomaliza, yeye alikuwa ameshakufa, jiwe mkononi.

Sasa kaburi limechimbwa na sanda iko tayari. Jumbe amekataa kuamua. Anasema mtu aliyeitwa tumbo na marehemu hawezi kutenda haki. Waliokuja kuzika wanasubiri nje, jua linapanda. Vidole vya Bi Somoe bado vimelishika jiwe.

Basi ninyi mliokaa hapo mkitafuna karanga zangu, semeni upesi: kati ya hao watatu, nani anastahili kuvifungua vidole hivyo?