Misalaba ya Ghorofa ya Tatu

Mtu akinyamaza, wengi hudhani ameridhika. Wahenga wetu waliikataa dhana hiyo waliponena kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu. Aliyejaza maneno kifuani asiyatoe ni kama chungu kilichofunikwa juu ya moto: mvuke hauonekani, lakini siku kifuniko kitakaporuka, nyumba nzima itasikia. Watu wa Kildahl, mji wa wakulima wa viazisukari huko kaskazini mwa Minnesota, hawakuijua methali hii kwa maneno, ila waliiishi.

Kildahl ni mji wa watu wa staha. Huko anayekanyagwa kidole ndiye anayeomba radhi. Mtu akiulizwa hali, hata kama nyumba yake imeteketea usiku uliopita, hujibu, “Si vibaya sana,” kisha huuliza kama theluji itaendelea. Chuo kikuu cha mji huo kilikuwa na watu elfu sita, nacho kilijisifu kwa utulivu wake. Kwenye ukuta wa mapokezi palitundikwa bango lenye sentensi moja: *Kwa ujumla, jumuiya ya chuo inajisikia salama.*

Aliyeiandika sentensi ile alikuwa Solveig Tande, mtumishi wa ofisi ya takwimu. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na sita, mwembamba kama unyasi, mwenye sauti ya chini ambayo iliwalazimu watu kumwinamia ili wamsikie. Miaka mitano nyuma alikuwa ametumwa kufanya uchunguzi wa kwanza kuhusu unyanyasaji wa kijinsia chuoni. Katika kila watu mia, waliojibu walikuwa kumi na mmoja tu, na wengi wao walisema mambo ni shwari. Solveig akaandika alichoambiwa aandike. Wiki hiyohiyo alimkuta Kaia Lund, mwanafunzi wa kemia aliyesifika kwa akili, akipakia masanduku kwenye gari la baba yake katikati ya muhula. Alipomuuliza kulikoni, msichana yule alitazama chini na kusema, “Si vibaya sana. Nimechoka tu.” Hakurudi tena. Tangu siku hiyo sentensi ile ilimkwama Solveig kooni kama mwiba wa samaki, na kila alipopita mapokezi aligeuza uso.

Februari ilipofika, chuo kiliagizwa kufanya uchunguzi wa pili. Dodoso lilitumwa kwa barua pepe. Baada ya wiki mbili, waliojibu walikuwa tisa kwa mia. Naibu Mkuu wa Chuo, Bwana Gordon Brekke, alimwita Solveig ofisini kwake, uso umemchanua kama ua la alizeti.

“Tisa!” alisema akisugua viganja. “Umeona? Mwenye kuumwa hupiga kelele. Watu hawa hawaumwi. Funga dodoso Ijumaa hii, tuandike ripoti fupi, tusonge mbele.”

“Mpango uliopitishwa na kamati ya maadili unasema wiki nne,” Solveig alijibu.

“Na unasema pia kwamba chini ya thelathini kwa mia matokeo hayatangazwi. Utafika thelathini lini, mama? Mwaka wa kesho kutwa?”

“Nina wiki mbili.”

Bwana Brekke alicheka kicheko cha mtu anayemwonea huruma mtoto. “Solveig, wewe ni mtu mpole. Baki na upole wako. Usiende kuchokoa nyuki waliolala.”

Solveig alitoka pale masikio yakimwaka. Hakurudi mezani kwake. Alikwenda moja kwa moja kwenye bwalo la chakula, akachukua sahani ya viazi na nyama ya kusaga iliyookwa pamoja, akaketi kati ya wanafunzi wasiomjua na kuwauliza bila kuzungukazunguka kwa nini hawajibu.

Msichana mmoja mwenye nywele fupi, jina lake Teagan Moe, aliweka uma chini. “Nikwambie ukweli, dada? Nilifungua lile dodoso lenu. Ukurasa wa kwanza unataka namba yangu ya usajili. Mnataka kujua kama naogopa kusema, halafu mnaanza kwa kuniuliza jina! Nani aliwatungia hiyo, mwizi?”

Wenzake walicheka. Solveig naye alicheka, ingawa aliyelitunga ni yeye.

Kutoka hapo aliteremka chini ya jengo la kemia, kwenye chumba ambamo wafanya usafi hunywa kahawa yao ya alasiri. Huko alimkuta Lorna Bellanger, mama wa miaka hamsini na minane wa Waojibwe, wenyeji wa asili wa nchi ile. Lorna alikuwa amesafisha jengo lile na ofisi za utawala kwa miaka ishirini na mmoja, na ulimi wake ulikuwa mkali kama wembe mpya.

“Mama Lorna, umepata dodoso?”

“Dodoso gani? Mimi nimepata ufagio,” Lorna alijibu. Kisha akamkazia macho. “Wewe si ndiye uliyeandika lile bango la mapokezi?”

Solveig alikiri. “Ndimi.”

“Lile bango nalipangusa vumbi kila Jumatatu, binti. *Jumuiya inajisikia salama.* Huwa najiuliza, jumuiya ya nani? Maana sisi tunaobeba takataka zenu, na wale wanaopika huko bwaloni, hakuna aliyetuuliza hata kama tuna meno.”

Kulikuwa na namna nyingi za kujitetea. Wafanya usafi na wapishi hawakupewa anwani za barua pepe za chuo, kwa hiyo mtambo haukuwahesabu. Lakini Solveig aliona kuwa maneno hayo, yakitamkwa mbele ya mama yule, yangenuka. “Nilikosea,” alisema. “Nisaidie nisikosee tena.”

Lorna alikunywa kahawa yake taratibu. “Lete karatasi,” alisema mwishowe. “Karatasi isiyo na jina. Na sanduku lenye kufuli. Ufunguo usikae kwa Brekke.”

Solveig alifanya hivyo hasa. Aliiandikia kamati ya maadili, akakiri kosa lake la kudai namba za usajili, na akapata ruhusa ya kulitoa dodoso upya bila jina, kwenye mtandao na kwenye karatasi. Ufunguo wa masanduku alimkabidhi mkutubi wa mjini, asiyelipwa na chuo. Katika ukurasa wa mwisho aliongeza ramani ya chuo, ghorofa kwa ghorofa, na maneno machache: *Weka alama ya msalaba mahali unapopaogopa.* Chini yake akapiga chapa ahadi: *Matokeo yote yatasomwa hadharani.*

Kwa siku kumi na mbili yule mtu mpole hakutulia. Alibeba masanduku kwenye baridi ya kukata masikio, akayaweka bwaloni, maktabani, kwenye uwanja wa magongo ya barafuni, na katika chumba cha mafagio. Bwana Brekke alimtumia ujumbe wa kumtaka aache “maonyesho ya barabarani.” Alijibu kwa mstari mmoja: kamati imeruhusu. Siku ya mwisho, madodoso yaliyorudi yalikuwa elfu mbili mia tisa na kumi na nne. Karibu nusu ya chuo ilikuwa imesema.

Solveig na wasaidizi wawili wa maktaba walihesabu misalaba. Ilitapakaa hapa na pale, maegeshoni, kwenye ngazi za bweni la kale. Lakini walipofika kwenye jengo la kemia, ghorofa ya tatu, mikono yao ilipungua kasi. Pale misalaba ilirundikana kama nzi juu ya kidonda. Ilikuwa mia sita na kumi na mmoja. Ghorofa ya tatu palikuwa na maabara ya Profesa Rolf Aamodt, mwenye tuzo nyingi, ambaye picha yake ilikuwa kwenye kalenda ya chuo. Wengine hawakuishia kwenye msalaba. Mmoja aliandika pembeni, *Nilibadili masomo kwa sababu ya mlango huu.* Mwingine: *Usiingie peke yako.* Na mwandiko mmoja wa herufi kubwa uliosema: *NILIMWAMBIA MSIMAMIZI. NIKAHAMISHWA ZAMU MIMI.*

Solveig aliwaza juu ya Kaia Lund na masanduku yake, akalia. Kisha akafuta machozi na kuandika ripoti.

Bwana Brekke aliisoma akiwa amesimama. “Ukurasa wa ramani unatoka,” alisema.

“Hautoki.”

“Hiyo si takwimu, ni michoro ya watoto! Unajua Aamodt ni nani katika chuo hiki?”

“Sijamtaja mtu yeyote. Nimetaja ghorofa.”

“Solveig.” Sauti yake ilishuka ikawa laini kama siagi. “Barua ya onyo ninayo hapa. Mkataba wako unaisha Juni. Toa ukurasa mmoja tu, kisha tubaki marafiki.”

“Nimeahidi kwa chapa kwamba yote yatasomwa,” alisema Solveig. Kwa mara ya kwanza, Bwana Brekke hakulazimika kuinama ili amsikie. “Safari iliyopita niliandika ulichotaka. Leo nitasoma walichoandika wao. Barua yako siitii sahihi.”

Baraza la Chuo lilikutana Alhamisi mchana katika ukumbi mkubwa. Kwa kawaida mikutano hiyo huhudhuriwa na watu watano na mbwa mmoja. Siku hiyo ukumbi ulijaa hadi viti vya nyuma. Walikuwepo wanafunzi wenye makoti yao mazito mapajani, makarani, wapishi wenye kofia nyeupe, wafanya usafi na fulana zao za buluu. Hakuna aliyebeba bango, wala aliyepaza sauti. Walikaa tu, kwa adabu ya Kildahl.

Solveig alipanda jukwaani akasoma yote, neno kwa neno, namba kwa namba. Alipoonyesha ramani ukutani, ile ghorofa ya tatu ilionekana nyeusi kwa misalaba. Profesa Aamodt, aliyeketi safu ya mbele, alikunja nne na kutazama saa yake.

Bwana Brekke akasimama. “Asante kwa michoro,” alisema huku akitabasamu. “Sasa niulize kama mtu mzima. Hawa mia sita wako wapi? Mlango wangu uko wazi mwaka wa nane huu. Sijaona hata mmoja. Msalaba wa penseli hauna mdomo, mabibi na mabwana. Kama yupo mtu hapa aliyeweka alama pale, na asimame tumwone.”

Ukumbi ulinyamaza. Solveig alishika kingo za meza. Alijuta moyoni, akidhani kwamba watu aliowaahidi siri sasa wamevuliwa nguo mbele ya kadamnasi. Bwana Brekke alisubiri, akageukia Baraza na kufungua mikono yake, kama mtu anayesema, Si niliwaambia?

*Paa!*

Viti vya ukumbi ule vina springi. Mtu akisimama, kalio la kiti hujipiga kwenye egemeo. Lorna Bellanger alikuwa amesimama katikati ya ukumbi, fulana yake ya buluu imenyooshwa pasi.

“Mimi hapa,” alisema. “Msalaba wangu niliuweka kwa kalamu ya wino, si penseli. Profesa huyu hapa mbele alinibana kwenye kabati la mafagio, miaka sita iliyopita. Nilisema. Barua yangu ilifika kwako, Gordon, kwa hiyo usituambie habari za mlango. Mlango wako naujua, naupangusa mimi.”

*Paa!* Teagan Moe alisimama. *Paa!* Mpishi mmoja. *Paa!* Mhadhiri kijana wa kemia aliyekuwa ameketi nyuma ya Aamodt. Kisha safu nzima, halafu nyingine, paa, paa, paa, kama mvua ya mawe juu ya bati. Wengine walisimama kwa sababu ya yaliyowapata, wengine ili wenzao wasionekane peke yao, na hapakuwa na wa kuwatenganisha. Hakuna aliyetukana, wala aliyepiga mbinja. Walisimama, wakatazama mbele. Profesa Aamodt aliinuka kwa haraka atoke, akagundua kwamba njia yote imejaa watu wanaomtazama bila kupepesa. Akaketi tena.

Mwenyekiti wa Baraza, Bi. Adele Nygaard, mkulima mzee asiyejua kupamba maneno, alivua miwani. “Gordon, keti,” alisema. “Umeuliza, umejibiwa.”

Alasiri hiyohiyo maabara ya ghorofa ya tatu ilifungwa, na wachunguzi wa nje wakaitwa. Walisikiliza watu kwa miezi minne. Kaia Lund alisafiri kwa saa tatu kuja kusema yake, na safari hii hakutazama chini. Vuli ilipofika, Profesa Aamodt alifukuzwa kazi na faili lake likapelekwa kwa mwendesha mashtaka. Bwana Brekke alikuwa ameshaondoka kwa kile alichokiita sababu za kifamilia. Mkataba wa Solveig uliongezwa. Ila ile barua ya onyo bado imo kwenye jalada lake, bila sahihi. Rafiki zake humshauri aombe ifutwe. Yeye hukataa, akisema anataka ikae palepale ili atakayekuja baadaye aisome.

Alikuwepo mtu katika Kildahl aliyeuhesabu ukimya wa watu kuwa ni ridhaa, akawataka wasimame ili awaaibishe, nao wakasimama. Kimya kingi kina mshindo mkuu.