Kuni Mbichi za Majanimapana

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na nyumba, majiko na majirani wa kusengenyana, palikuwa na mji uitwao Majanimapana. Msiulize uko wapi siku hizi. Nyie wa nyuma acheni kusukumana, tulieni msikie yaliyowapata.

Mji ule uliingiliwa na ugonjwa wa kwikwi. Ndiyo, kwikwi, hii hii mnayoipata mkimeza ugali bila kutafuna. Lakini ile haikukoma kwa maji wala kwa kushtuliwa. Ukianza na "kwi" moja asubuhi, basi tena, unashinda nayo na unalala nayo, chakula hakipiti. Kobe alipoipata, kila kwikwi ilimgongesha kichwa kwenye dari ya gamba lake, ko, ko, ko, majirani wakadhani anapigilia misumari. Kwa Twiga ndiyo ilikuwa balaa. Kwikwi ilimpanda shingo polepole, akaisahau njiani, halafu ikafika juu, kwi, majani yote aliyokwisha kuyatafuna yakawarukia wapita njia. Wawili hao waliugua siku nyingi, wakapona.

Watu walicheka. Waliacha kucheka siku Bi Pofu, muuza maandazi, alipokonda akabaki ngozi na pembe, wakamzika.

Sasa, karibu na nyumba ya marehemu palikuwa na mkwaju, na ndani ya mkwaju alikaa Bi Mashavu, kindi, mwili wake wa kuenea ndani ya kiatu na maneno yake ya kujaza gunia. Alikuwa amejifungua watoto wawili, wekundu, hawana hata unyoya, macho yamefumba. Aliwapenda mno. Siku ya mazishi alirudi akawakumbatia, kisha akateremka nao mbio mpaka kwa Nesi Nungunungu.

"Nesi, nasikia una chanjo ya kwikwi. Wachanje wanangu leo hii."

"Hawa siwezi, Bi Mashavu. Dawa hii haimfai mtoto ambaye hajafumbua macho."

"Na kwikwi itawasubiri wafumbue?"

"Haitawasubiri," Nesi akasema, maana hakuwa mtu wa kupaka maneno asali. "Kinga ya watoto wako ni majirani. Bwana Tembo akichanjwa, Bwana Kiboko akichanjwa, na wewe, na wote wa mtaa ule, kwikwi itapita ikose mlango wa kuingilia. Wakikataa, itaruka nyumba hadi nyumba mpaka ikufikie juu ya mti."

Basi Kunguru akatumwa apige mbiu. Akazunguka mji mzima: "Kesho wote mje kisimani, mkachanjwe. Wote mkachanjwe." Hakueleza zaidi, kwa kuwa Kunguru hulipenda koo lake kuliko anachokisema.

Pale penye kibanda cha kahawa alikuwa amekaa Fisi. Tangu ugonjwa uingie, Fisi hakuwa amekosa matanga hata mamoja, na shavu lake lilikuwa linang'aa kwa mafuta ya pilau.

"Tukachanjwe?" Fisi akasema, akipuliza kahawa. "Mimi nauliza tu. Tangu nizaliwe, kinachochanjwa ni kuni. Shoka linashuka, chwa, gogo linakuwa vipande viwili. Sasa leo tunachanjwa sisi. Nauliza tu, jamani, msije mkasema nimesema."

Kikombe cha Bwana Tembo kilimponyoka mkongani.

"Wanataka kutufanya kuni?" akauliza.

"Hilo umelisema wewe," Fisi akajibu. "Mimi nimeuliza."

Maneno yale yalienda mjini haraka kuliko kwikwi yenyewe. Alasiri hakuna aliyekuwa na shaka: serikali ya Majanimapana imeishiwa kuni. Na mnajua wakubwa walivyo. Waliogopa, lakini katikati ya kuogopa wakaanza kujisifu.

"Watanianza mimi," Bwana Tembo akasema. "Mguu wangu mmoja tu unapika harusi."

"Wewe umekauka, utawaka mara moja uishe," Bwana Kiboko akamkatiza. "Mimi nina mafuta. Ukinitia jikoni asubuhi, jioni bado naivisha maharage."

"Maharage gani? Wewe utatoa moshi tu."

"Nitoe moshi mimi? Rudia hilo neno."

Wakawa karibu kupigana, eti nani ni kuni bora. Bi Mashavu alipanda juu ya meza ya kahawa akawaambia kwamba kuchanjwa ni kuchomwa kidogo tu kwa mwiba wenye dawa, si shoka. Tembo akampangusa pembeni kwa ncha ya mkonga, taratibu, bila ubaya.

"Shangazi, subiri. Wakubwa tunazungumza habari za kuni."

Kindi alirudi juu amekasirika mpaka mkia umemvimba. Akawatazama wanawe wamelala, akawatazama wale majirani chini wakibishana kuhusu moshi. Moshi! Akatulia. Kisha akacheka peke yake, kicheko kile ambacho mkikisikia kwa mtu mdogo, ficheni vitu vyenu.

Akateremka tena.

"Waheshimiwa," akasema kwa sauti ya unyenyekevu, "nimekosea. Kweli wanataka kuni. Lakini niwaulize: nani kati yenu amewahi kupikia kuni mbichi?"

"Hakuna mwenye akili anayepikia kuni mbichi," Nyati akasema. "Utalia machozi, na chai haichemki."

"Basi mmepona. Kesho njooni kisimani mmelowa chapachapa. Nesi Nungunungu atawapima ubichi. Anamgusa mtu na mwiba begani. Akiona mwiba umeingia, anajua huyu ni mbichi, hafai jikoni, aende zake. Ila asiyepimwa, huyo mimi sijui watamfanya nini."

Wakatazamana. Tembo akamshukuru. Kiboko akamwita mwanamke wa maana.

Kutoka hapo Bi Mashavu akaenda kwa Nesi. "Wote wamekubali," akasema, bila kupepesa jicho.

"Umewaeleza vizuri?"

"Wameelewa kila kitu."

Kulipopambazuka, kisima cha Majanimapana kilikuwa hakina maji ya kunywa, yote yalikuwa migongoni mwa watu. Nyati amejipaka tope mpaka puani. Twiga amelowa miguu na tumbo, shingo kavu, analia kwamba shingo yake itachanjwa yeye akiiona. Tembo akamwonea huruma akammwagia kwa mkonga, shaaa, mpaka akapaliwa. Kobe akajaribu kujiroweka lakini gamba halinywi maji. Kiboko alisimama mbele ya wote amejaa fahari.

"Mimi sikujilowesha," akasema. "Mimi ni mbichi wa kuzaliwa."

Bi Mashavu alikuwa anapanga foleni, mbio huku mbio kule. "Wakubwa mbele, wakubwa mbele." Moyo ulikuwa unamwenda kwa furaha. Aliwaza jua likishuka mtaa wote utakuwa umekingwa, na wanawe watalala salama. Yeye mwenyewe alijiweka nyuma kabisa, na kila aliyekuja alimpisha.

Nesi Nungunungu akafika na kibuyu cha dawa. Akaketi, akang'oa mwiba mmoja mgongoni mwake, pwa, akauchovya. Kila mtu alikuwa na mwiba wake mpya. Hakurudia mwiba wa mwingine hata kama mgongo utabaki kipara.

Tembo akasogea akichuruzika maji.

"Bwana Tembo, umekubali kwa hiari yako?" Nesi akauliza. Hilo ndilo lilikuwa swali lake kwa kila mtu, na hakumchoma mtu kabla hajalijibu.

"Nimekubali kabisa. Nipime."

"Nikupime nini?"

"Ubichi."

Nesi akamtazama. Akatazama foleni yote, maji, tope, Twiga anayetetemeka kwa baridi.

"Ubichi wa nini, Bwana Tembo?"

"Si kuni? Bi Mashavu ametuambia ukishaona tumelowa hutuchanji."

Nesi akauweka mwiba chini. "Mimi nimekuja kuwachanja," akasema.

Lo! Foleni ikavunjika. Nyati akarudi nyuma akamkanyaga Kobe, Twiga akakimbia akasahau kisima kiko wapi akatumbukia miguu ya mbele, chubwi. Na Fisi, aliyekuwa amekaa kando kutazama, akasimama.

"Mimi niliuliza tu," akasema. "Sasa dawa nzuri ina haja gani ya kuingizwa kwa uongo?"

Hapo alisema neno. Wote walimgeukia Bi Mashavu, na yule mwenye gunia la maneno akakuta gunia ni tupu.

"Nesi, nisamehe," akasema mwishowe. "Na nyie majirani. Nimewadanganya wote, pande mbili. Nina watoto ambao hawawezi kuchanjwa, na nimewaona mnabishana nani anapika maharage vizuri, nikaona nyie hamna akili ya kuambiwa kweli. Nilikuwa naogopa. Bado naogopa."

Tembo aliumia, na masikio yake makubwa yalikuwa yameanguka. "Mimi ningekubebea wale watoto mgongoni mwaka mzima," akasema. "Ungeniambia tu kwamba ni wao. Haya, wewe mwenyewe umechanjwa?"

Bi Mashavu akaanza kupangusa tope mkiani.

"Bi Mashavu, nakuuliza."

"Bado."

"Kwa nini?"

"Najua si kuni, Bwana Tembo. Nesi amenieleza, nimeelewa. Lakini mimi naishi ndani ya mti. Kila nikisikia neno kuchanja, mkia wangu unasimama wenyewe."

Tembo akageuka akautazama mkia wake, ule mdogo, nao ulikuwa umesimama. "Hata wangu," akasema kwa sauti ya chini.

Basi Nesi Nungunungu akawaambia waketi, kila mtu na maji yake. "Kosa ni langu pia," akasema. "Nilimwachia Kunguru aseme neno moja, nikalala. Hilo neno lina kazi mbili. Mbona mnapanda mti na mnapanda mahindi, na hakuna aliyewahi kuparamia mhindi?"

"Mimi niliwahi," Kiboko akasema kwa aibu. "Yalivunjika shamba zima."

"Basi ndiyo maana tunaulizana. Kuchanja kwangu ni kutoboa ngozi kidogo, nitie dawa, mwili uifahamu kwikwi kabla haijaja. Itauma. Kesho bega litakuwa zito na wengine mtapata homa, kisha itapita. Mmoja mmoja anaweza kupata kwikwi hata akichanjwa, lakini ya kupita, si ya kuzika. Mkiniuliza nisilolijua, nitasema silijui. Asiyetaka aende nyumbani, simshiki mkono."

Waliuliza mpaka jua likawakausha wote. Nyati aliuliza kama pembe zitaota upande. Twiga aliuliza kama dawa ikiingia begani itafika shingoni lini. Nesi alijibu moja moja, na kwa Twiga akakiri hajui ni lini hasa.

Walipomaliza hakuna aliyesogea. Kila mmoja alikuwa anamtazama kindi, na kindi alielewa. Alitoka mwisho wa foleni, ambayo haikuwepo tena, akaja mbele. Akageuza uso akaukodolea macho mkwaju wake.

"Umekubali kwa hiari yako?"

"Nimekubali. Sema ukianza."

"Naanza." Chwi.

Bi Mashavu akaruka, akatua, akajitazama upande huu na upande huu. Tembo akainama akampapasa kwa mkonga kuanzia masikio mpaka mkiani, asije akawa amepasuka asijue.

"Yuko mzima," akawatangazia. "Ni kipande kimoja."

"Inauma," Bi Mashavu akasema, machozi yakimtoka, "inauma kama alivyosema, si zaidi."

Tembo akajisogeza. Akauona mwiba. "Nimekubali, Nesi, lakini fanya haraka, kabla..." Nesi akafanya haraka, na Tembo akazimia, puu, mji ukatikisika, akaamka baadaye akiuliza kama bado ana miguu yote. Kiboko akafuata ili aonekane ana roho kuliko Tembo, kisha Nyati, kisha Twiga, na Kobe akatoa bega dogo nje ya gamba akalirudisha kabla hujalitazama. Mgongo wa Nesi ulikuwa unazidi kuwa kipara, na upepo ulipovuma alitetemeka.

Wote walipokwisha, Fisi akaja akinyemelea.

"Mimi nipime ubichi tu," akanong'ona.

"Hakuna kupima ubichi hapa. Ni chanjo."

"Sawa, lakini usilitaje."

"Nitalitaja, Bwana Fisi. Nakuchanja. Umekubali?"

Fisi akatazama kulia na kushoto. "Nimekubali," akasema, na akalia kuliko wote.

Kwikwi ilizunguka mji ule ikigonga milango, ikachoka, ikaondoka. Na asubuhi moja juu ya mkwaju watoto wa Bi Mashavu wakafumbua macho, mmoja kwanza, na mwenzake akafuata. Mama yao aliwatazama wakimtazama, akalia kwa raha, kisha akawashusha mpaka kwa Nesi, akaketi nao nje ya mlango kabla ya kuingia.

"Wanangu," akasema, "huko ndani kuna mwiba, na utauma."

Wakaanza kulia pale pale, na wakaingia wakilia, wamemshika mkono.

Anayetaka kuaminiwa na watu awaambie kweli yote, kisha atangulize bega lake.