Chemko la Kitangani

Nikisema "Zamani!" nyinyi semeni "Tupeleke!" Zamani! ... Mbona sauti ndogo, hamkula? Zamani! Ehee, hivyo.

Hapo kale, kale ya kale, wageni walipokuwa wakishuka kwenye garimoshi na miavuli yao kuja kupunga upepo wa bahari Kitangani, palikuwa na hoteli. Hotelini palikuwa na bendi, na kwenye bendi alikuwapo Shekue. Shekue akipuliza saksafoni, mpishi anaunguza wali. Msicheke, mimi wali huo niliula.

Ila vyombo vyote vilikuwa mali ya hoteli. Saksafoni ya hoteli, ngoma za hoteli, hata suti za hoteli. Cha Shekue kilikuwa pumzi yake tu.

Basi akaja meneja mpya, Bwana Chilumba. Haraka kula, haraka kusema, haraka kukasirika. Akaisikiliza bendi mara moja tu, akafoka, "Mbona watu wamekaa kama wako msibani? Nusu ya wimbo imepita, hakuna aliyeinuka!"

Shekue akamjibu kwa upole, "Bwana mkubwa, huku kwetu maneno ya wimbo husikilizwa kwa kukaa. Anayecheza kabla hayajaisha huonekana hana adabu. Yakiisha, tunatia chemko, muziki unapamba moto, nao wanainuka."

"Mimi nataka miguu, sitaki masikio!"

Akaita bendi ya mji mkuu, Bwana Mabruki na vijana wake wa viatu vyeupe. Akatangaza kuwa Jumapili ya Pasaka, kwenye bugi, lile dansi la mchana, bendi zote mbili zitapiga. Itakayoshindwa kuinua watu itaondoka. Jamani, Shekue akinyang'anywa saksafoni angepuliza nini, kidole?

Jumapili ikafika, ukumbi ukafurika. Vijana wa Mabruki wakaanza kwa moto. Wakapiga, watu wakacheza. Wakapiga, watu wakacheza. Mpaka mashati yakalowa na watu wakarudi vitini hoi wakiomba maji. Chilumba akapiga makofi peke yake.

Kisha Shekue. Polepole, wajukuu zangu, polepole. Akaimba habari za mama aliyefua mashuka ya wageni wa pwani umri wake wote, asipate nafasi ya kutia mguu baharini. Mama huyo alikuwa mama yake, Bi Somoe, dobi wa hoteli ileile. Hakuna aliyeinuka. Hakuna aliyeinua hata glasi. Mimi nililia waziwazi, na kanga yangu ilikuwa mpya.

Chilumba akaona sakafu tupu, akapanda jukwaani mbio. "Basi! Basi! Vua hiyo saksafoni!" Akaishika ingali shingoni mwa Shekue. Shekue akaendelea kuimba.

Nani akamshika Chilumba mkono? Mabruki! Ndiyo, mpinzani mwenyewe.

"Mwache, bwana. Nimepiga muziki miji mingi mimi. Watu wimbo ukiwachosha hupiga soga. Hawa umemsikia hata mmoja akikohoa? Wanangoja."

"Wanangoja nini?"

Shekue akamaliza neno la mwisho. Akatia saksafoni mdomoni. Akatia chemko!

Eee! Viti vilianguka! Wageni juu, wenyeji juu, mpishi huyo na mwiko wake! Mabruki akachukua tarumbeta, akaomba ruhusa kwa kichwa, Shekue akampa nafasi. Wakajibizana, wakajibizana, mpaka sakafu ya mbao ikalia. Na Chilumba? Mabega yalimponyoka, yakaanza kucheza yenyewe. Akapiga kelele, "Shekue, saksafoni hiyo si ya hoteli tena! Ni yako!"

Mji ukashangilia. Shekue akashuka jukwaani akipuliza, akapita mlango wa jikoni, akamtoa mama yake kwenye mapovu ya kufulia. Bendi mbili nyuma, mji mzima nyuma, mpaka ufukweni. Bi Somoe akaingia majini na viatu vyake, akacheka, akasema, "Kumbe ya moto!"

Basi, wanangu, sikilizeni. Aliyekaa kimya mbele yako huenda hajakukataa, anakusikiliza. Maliza maneno yako kwanza, usikubali kukatizwa na mwenye haraka.

Ngoma nimeiwamba, nimeipiga, nimeitundika. Mwenye mikono na aitungue.