Fisi Aonja Kitabu cha Jiometri

"Paukwa."

"Pakawa."

"Pakawa nini?"

"Tuambie wewe."

"Pakawa shule, na shule ikawa na sufuria. Niendelee?"

"Endelea."

"Na wewe uliyeegemea ukuta, ukisinzia nitakuuliza maswali. Haya."

Hapo kale wanyama wa Kilimaduara walikuwa na shida moja. Kijiji kilikuwa upande huu wa kilima, maji yalikuwa upande ule, na kilima chenyewe kilikuwa mviringo mtupu, hakina njia iliyonyooka. Basi serikali yao ikaamua, kama serikali zinavyoamua, kwamba hakuna kwenda kuteka maji bila cheti cha Jiometri ya Vitu Vilivyopinda. Ukisema una kiu, unaulizwa cheti kiko wapi.

Cheti kilitolewa na shule, na mwalimu mkuu wa shule alikuwa Fisi. Msinicheke, sikumteua mimi. Fisi alitunga sheria moja tu: anayefeli mtihani anaingia sufuriani. Aliitunga siku aliyokuwa na njaa, na hakuna aliyewahi kumwona siku ambayo hana.

Sasa mwenye njaa namna hiyo anawachagulia wanaoanza kitabu gani? Anachagua kile ambacho hakuna atakayekielewa. Juu ya jalada kimeandikwa "Utangulizi", ukikibeba kiuno kinauma. Wanafunzi wakasoma, wakafeli. Sufuria ikachemka, tuku tuku tuku. Wazazi wakija kuuliza, Fisi anawapa jibu lake lile lile:

"Kitabu hakina kosa. Kosa ni la msomaji."

Wazazi wanatikisa vichwa na kurudi nyumbani, maana nani anataka kuonekana hajasoma?

Zamu ya Digidigi ikafika, naye akafeli. Digidigi alikuwa akikaa dawati moja na Karunguyeye, yule mnyama mdogo mwenye miiba, anayejikunja kama mpira akitishwa. Walikuwa wakigawana mihogo ya kuchemsha saa ya mapumziko. Siku Digidigi alipoingia sufuriani, Karunguyeye alilia mpaka macho yakavimba. Kisha ikamjia hofu, kwa sababu mtihani uliofuata ulikuwa wake, na Fisi alishaanza kuulizauliza namna ya kutoa miiba kwa maji ya moto.

Bahati ikawa hivi: mchwa walikula kile kitabu cha zamani, ikabidi kikao kiitishwe kuchagua kingine. Walimu wakaja, wazazi wakaja. Wanafunzi waliruhusiwa kuingia mradi wasiseme. Karunguyeye akaingia, chaka chaka chaka, akasema.

Mzee Tembo alikuwa ameshatua kitabu chake mezani. Puu!

"Mzee Tembo, shikamoo. Umekisoma?"

"Marahaba. Nimekisoma."

"Ulikielewa?"

"Nilikimaliza."

"Na sisi tukisome kwa nini?"

"Kwa sababu mimi kilinitesa," akasema Tembo, "na nyinyi ni nani msiteswe?"

Bi Twiga naye akatua chake. Puu!

"Bi Twiga, shikamoo. Umekisoma?"

"Marahaba. Nimekisoma."

"Ulikielewa?"

"Nilikimaliza."

"Na sisi tukisome kwa nini?"

"Kinapendeza kabatini, mwanangu. Mgeni anakiona tangu mlangoni."

Karunguyeye akatoa chake, chembamba, kimechakaa pembe. Ndani mna picha ya sisimizi anayevuta uzi juu ya kibuyu, atafute njia fupi ya kufika upande wa pili. Kikao kizima kikaangua kicheko. Fisi alicheka kuliko wote, kwi kwi kwi, akajishika mbavu.

"Kina picha," akasema Bi Twiga, kwa sauti ya mtu aliyeona nzi kwenye chai.

"Na kinaeleweka," akasema Mzee Tembo. "Nimekitazama mara moja tu nimeelewa. Kitabu gani hicho?"

Ndipo Fisi akaleta chake. Puu! Meza ikalegea mguu. Kilikuwa kinene kuliko vyote, na jalada lake ni ngozi ya mbuzi, bado inanukia. Karunguyeye akamsalimia, akamuuliza kama amekisoma. Fisi alikuwa anameza mate tu.

"Kitabu ni chakula cha akili," akasema, kama alivyokuwa akisema kila mwaka. "Na chakula chenyewe ndicho hiki."

Mikono yote ikainuka kukikubali. Karunguyeye naye akainua wake. Akasema kwa upole, "Mwalimu Mkuu umenena vizuri. Kama ni chakula, basi kionje."

Mnajua wenyewe, ukileta chungu cha pombe mbele ya watu, unaonja wewe kwanza, waone hukutia kitu. Kilimaduara ilikuwa hivyo hivyo, na asiyetaka kuonja alifukuzwa pamoja na chungu chake. Lakini Fisi aliposikia neno "onja" hakuwaza mbali. Akatoa ulimi akalamba ngozi ya mbuzi, lap lap lap, macho amefumba.

"Hapo ni nje, Mwalimu," akasema Karunguyeye. "Hata kwako ukionja mchuzi hulambi chungu kwa nje. Onja ndani. Ukurasa wa kwanza tu unatosha."

Watu wote wanamtazama. Fisi akafunua, akasoma kwa sauti nzito:

"Kamba iliyokazwa juu ya mgongo wa kilima hupita njia fupi. Ni dhahiri. Uthibitisho tumemwachia msomaji."

"Msomaji ndiye nani?" akauliza Karunguyeye.

"Ndiye aliyeshika kitabu," akasema Mzee Tembo, akisogeza kiti. "Tuambie, Fisi. Na mimi uthibitisho huo nimeungoja tangu ujana wangu."

"Ni dhahiri," akasema Fisi.

"Dhahiri vipi?"

"Dhahiri kabisa."

"Tuoneshe basi."

Fisi akageuza ukurasa. Akaurudisha. Akakigeuza kitabu juu chini. Nyuma yake, jikoni, sufuria ya mtihani ilikuwa imeshabandikwa, tuku tuku tuku.

"Jamani," akasema Fisi, "kitabu hiki kimeandikwa vibaya."

Mama Digidigi alikuwa amekaa nyuma kabisa. Akasimama. Hakupaza sauti.

"Kitabu hakina kosa," akasema. "Kosa ni la msomaji."

Wazazi wote wakageuka kumtazama Fisi, kisha wakaitazama sufuria.

Fisi akatoka mbio, parakacha parakacha, akapanda kilima, akateremka, akazunguka, akapanda tena. Njia fupi ilikuwapo ila hakuijua. Mzee Tembo akakishika kile kitabu kwa mkonga akakirusha, kikamtua kiunoni, puu! Tangu siku hiyo fisi ameinama nyuma, na mgongo wake ni kitu kilichopinda.

Wanyama wakasoma kile kitabu chembamba. Wakapata vyeti, wakanywa maji. Karunguyeye akapewa ukuu wa shule, akaondoa sufuria. Akaandika na kitabu chake mwenyewe, chembamba, cha picha. Mwaka uliofuata akakiongezea dibaji. Halafu akaona picha zinamshushia hadhi, akazitoa. Juzi nimesikia wanakitua mezani. Nanyi mnajua kililiaje.

Sasa shikeni funzo, maana ngano bila funzo wazazi wenu watanilaumu. Mkichagua kitabu cha kuanzia, chagueni kinene chenye ngozi. Msiulize aliyekileta kama alikielewa, ni utovu wa adabu. Na picha mziogope, zinaelewesha watu.

Hapo ndipo ngano yangu ilipofika, nami nimeitua. Kama ilikuwa nzuri, sifa ni zangu. Kama ilikuwa mbaya, ngano haina kosa. Kosa ni la msikilizaji.