Mbiu ya Mbaruku

Mtu mmoja, Mbaruku, alikuwa na sauti kubwa na dada mmoja. Huyo dada, Zawena, ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki, na kwa kumlea akaacha kuolewa. Mbaruku alipokua, kijiji kikampa kazi ya kupiga mbiu.

Ikaja habari kutoka zahanati: madaktari wanakuja kupima saratani ya mlango wa kizazi, ugonjwa unaoua polepole lakini hutibika ukiwahiwa. Muuguzi akamwagiza awaite wanawake wote. Mbaruku akasita. Kwa fikra za pale, ugonjwa huo ni wa wenye waume. Akimwita na asiyeolewa, si watu watauliza dada yake anaitwa kwa lipi? Basi akamsitiri. Akapita akitangaza, "Wake za watu, njooni mpimwe saratani ya mlango wa kizazi!" Wake za watu wakaenda. Zawena alikuwa uani akipepeta mchele. Akasikia, akaendelea kupepeta.

Mwaka uliofuata muuguzi akamgombeza: wajane wameachwa, wasioolewa wameachwa. Mbaruku akaona haya, akarukia upande wa pili. Kama wanaitwa wote, jina la ugonjwa litawagusa wote, na Zawena akiwemo; basi akaliondoa jina hilo. Akatangaza, "Watu wote, njooni mpimwe afya!" Nani angelalamika? Wazee wenye vikohozi wakaja, vijana wenye vidonda wakaja, mabenchi yakajaa. Zawena, ambaye siku hizo alikuwa akitokwa na damu isiyo ya umri wake, alifika mpaka uani pa zahanati. Akaona wanaume tu. Akajua hapo panatibiwa vikohozi, akajifunga kanga yake vizuri, akarudi nyumbani.

Alipoanguka, ugonjwa ulikuwa umekwisha kusambaa, na madaktari hawakuwa na la kufanya. Mbaruku akakaa kando ya kitanda akilia kama mtoto, akiapa kwamba yeye alikitangazia kijiji kizima, mwaka wa kwanza na wa pili.

"Nilikusikia, mdogo wangu," Zawena akamwambia. "Hukuniita."

Wakamzika siku ya Ijumaa. Na pale pale makaburini, udongo haujakauka, watu wakamsifu Mbaruku kwa ulimi wake wenye adabu.

Enyi mnaotangaza afya ya wanawake, kwa maneno hayo mnayoyachagua kwa uangalifu mkubwa namna hiyo, mnamsitiri nani: yeye anayeumwa, au nyinyi wenyewe?